Mkupuo au kila mwezi: fedha za uzee Masisi na Walikale

Sheria ya Kongo haimwulizi mstaafu anapenda kulipwa vipi. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, inayoongoza hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wa kampuni, mashirika na waajiri binafsi, imechora mstari mmoja tu. Ukifikisha miaka 60, ukaacha kazi ya mshahara, na michango yako ikawa imetimia miezi 180, mfuko wa taifa, CNSS, utakulipa pensheni mpaka kufa. Miezi ikipungua hapo, unapewa malipo ya mara moja na shauri lako linaishia palepale. Hakuna fomu ya nusu kwa nusu, wala theluthi kwa mkupuo na iliyobaki kila mwezi.

Ndiyo maana mtu wa Masisi au Walikale, huku Kivu Kaskazini, akisikia redioni Watanzania wakigombania kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, huona huo ni ugomvi wa wenye bahati. Lakini uamuzi wanaougombania na yeye anaufanya, ila kwa vipande, bila mtu kumwambia kwamba ndio huo. Anapokubali kazi ya mradi ambayo mwajiri hakuiandikisha CNSS, ameamua. Mwalimu anayeendelea kushika chaki akiwa na miaka 71 kwa kuogopa kilichoko nje ya lango la shule ameamua pia, na hali kadhalika mlinzi anayepokea fedha za mwisho wa kazi akapanda nazo pikipiki kwenda Kitchanga kununua ng'ombe. Wote wanajibu swali moja: fedha za uzee wangu zikae kwa nani?

Tuanze Tanzania, kwa sababu huko hesabu imewekwa mezani. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikaachiwa sekta binafsi. Kanuni zilizofuata zilimpa mstaafu mkupuo wa asilimia 25, wakati wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa wamezoea 50. Kelele zikawa kubwa, hata tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli akazisimamisha kanuni hizo. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa kwenye 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25.

Chukua mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, aliyechangia miezi 420, yaani miaka 35. Kwa kanuni ya 2022, pensheni yake nzima ya mwaka ni 420 kugawanya kwa 580, mara 12,000,000, ambayo ni karibu shilingi 8,690,000. Asilimia 33 yake inazidishwa kwa 12.5 na kuwa mkupuo wa kama milioni 35.8. Asilimia 67 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12, anapata kama 485,000 kila mwezi. Sasa mpandishe hadi asilimia 40 kwa kipimo hicho hicho: mkupuo unafika milioni 43.4, pensheni ya mwezi inashuka hadi 434,000 na ushee. Ameongezewa milioni 7.6 leo, na amepunguziwa kama 50,700 kila mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili upate miezi 150, yaani miaka 12 na nusu.

Jibu hilo halikutokea kwa bahati. Ile 12.5 ndiyo bei ya pensheni. Anayechukua mkupuo kwa bei hiyo amefaidi ikiwa atakufa kabla ya miaka 12 na nusu ya ustaafu, na amepata hasara akivuka hapo, ukiacha kando mfumuko wa bei na faida ambayo fedha hizo zingeweza kuzaa. Kanuni ya zamani ya PSPF ilitumia 15.5. Kwa hiyo waliolalamika hawakupunjwa asilimia peke yake. Bei ya kila shilingi ya pensheni waliyoiuza nayo ilikuwa imeshushwa. Kwenye mabishano ya vijiweni asilimia ndiyo iliyosikika, na bei ikapita kimya.

Majirani wengine wamekata kwa namna yao. Kenya, mtumishi wa serikali wa mfumo wa zamani anaruhusiwa kugeuza robo ya pensheni yake kuwa mkupuo, na mifuko ya pensheni ya waajiri huishia theluthi. NSSF ya Uganda humpa mwanachama akiba yake yote akifika miaka 55, na tangu marekebisho ya 2022 mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua mapema hadi asilimia 20. Kampala imemwachia mtu fedha zake zote, Dodoma imemshikia sehemu kubwa, na Kinshasa imemkatia shauri kwa kuhesabu miezi.

Kuna kauli inayorudiwa sana Goma na milimani: Mkongomani hafiki mbali, hiyo pensheni ya mpaka kufa ni ya nini? Kauli hii inachanganya mambo mawili. Umri wa kuishi unaotajwa kwa nchi nzima, wa miaka 60 hivi, umeshushwa na vifo vya watoto wachanga. Aliyekwisha kufika 60 ameshavuka surua, malaria ya utotoni, uzazi na vita kadhaa. Mbele yake, kwa wastani, bado ana miaka kama 15. Hiyo inazidi 12.5. Na mke wake, ambaye mara nyingi ni mdogo kwake, ana mingi zaidi. Kwa hesabu tupu, basi, malipo ya kila mwezi yanashinda.

Hesabu tupu haijawahi kupita barabara ya Sake. Toka Goma hadi Sake ni kilomita 27. Hadi Masisi-centre ni kama 80. Walikale-centre iko zaidi ya 200 kwa barabara, na kwa miaka mingi bati ya Walikale ilisafirishwa kwa ndege ndogo zilizotua juu ya lami ya barabara kuu pale Kilambo, kwa sababu njia ya kwenda Goma ilikuwa haipitiki. Mstaafu wa Pinga au Nyabiondo anayelipwa Goma hapati kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Anapata kinachobaki baada ya nauli ya pikipiki, siku za kulala mjini, vizuizi vya barabarani ambako kila mwenye bunduki anataka chake, na kamisheni ya anayemtolea fedha. Halafu kuna uhakiki wa mara kwa mara, ambapo mzee anatakiwa afike mwenyewe kuonyesha kwamba yu hai.

Rudi kwenye mfano wetu uone gharama hiyo inafanya nini. Ikiwa nusu ya pensheni inaishia njiani, zile 50,700 zinakuwa 25,350, na milioni 7.6 ukizigawanya kwa kiasi hicho unapata miezi 300. Miaka 12 na nusu imegeuka 25. Mtu wa miaka 60 anapaswa kuishi hadi 85 ili pensheni ya mwezi imlipe kuliko mkupuo. Kanuni zile zile, mshahara ule ule. Kilichobadilika ni barabara tu. Hapa mkulima asiyejua kuandika, anayesema afadhali wampe zote aende zake, amepiga hesabu sahihi kuliko mtaalamu anayemshangaa. Kabla ya kujiuliza utaishi miaka mingapi, uliza kwanza kufuata malipo ya mara moja kunakula sehemu gani ya malipo yenyewe. Ikiwa ni moja ya kumi, pensheni bado ni nzuri. Ikifika nusu, afadhali mkupuo.

Fedha yenyewe nayo ina historia. Sarafu ya zaire ilipoanzishwa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa dola 2 za Marekani. Karani wa shamba la chai aliyepangiwa pensheni ya zaire 30 miaka hiyo alikuwa mtu wa dola 60 kwa mwezi, na mtaani walimjua. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha: faranga moja ilizaliwa ikiwa sawa na zaire bilioni 300 za karani yule. Aliyeahidiwa zaire 30 mpaka kufa aliahidiwa kitu ambacho miaka 30 baadaye kisingenunua punje ya haragwe, na hata viwango vilipopandishwa vilibaki nyuma ya bei. Tusidhani hayo yalikwisha na Mobutu. Mwaka 2015 dola moja ilibadilishwa kwa faranga 930 hivi. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,700. Pensheni ya faranga 93,000 iliyokuwa dola 100 ikawa chini ya dola 35, na Kivu nyumba, pikipiki na ng'ombe vyote huuzwa kwa dola.

Wajanja wa Masisi hawakuingoja hiyo zaire ioze mikononi. Milima ya Masisi ni nchi ya malisho na jibini, na aliyepata fedha za mwisho wa kazi alizigeuza ng'ombe mara moja. Ng'ombe anazaa, anatoa maziwa, anaoza binti na kumtoa kijana gerezani, wala mfumuko wa bei haumgusi. Kwa mtazamo wa fedha, huyo ndiye aliyekuwa mstaafu mwenye akili. Kisha tarehe 20 Machi 1993, sokoni Ntoto katika Walikale, yakaanza mauaji ambayo kwa wiki chache yalikuwa yameenea Masisi nzima. Vita vile vya kikabila, wimbi la wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994, na vita vya 1996 viliacha malisho matupu; sehemu kubwa ya ng'ombe wa Masisi iliporwa au kuchinjwa.

Tazama tarehe hizo mbili. Machi 1993 mwenye ng'ombe alianza kupoteza ng'ombe. Oktoba ya mwaka huo huo mwenye pensheni alifutiwa sifuri sita. Mtaalamu wa fedha atakushauri usiweke mayai yote katika kapu moja, akidhani makapu mawili hayaanguki siku moja. Masisi na Walikale yalianguka kwa kupishana miezi saba.

Hata hivyo hayakuanguka kwa namna moja, na tofauti hiyo naiona kuwa kiini cha jambo lote. Ng'ombe aliyeporwa hakurudi. Haki ya pensheni ilikufa thamani, lakini ikabaki kwenye daftari. Mfuko wa zamani, INSS, uliundwa kwa amri ya tarehe 29 Juni 1961 kwa kuunganisha mifuko mitatu ya wakati wa Wabelgiji, ukiwemo ule wa pensheni uliotokana na amri ya 1956. Amri hiyo ya 1961 ilidumu miaka 55. Ilipita katika zaire, zaire mpya na faranga, ikapita katika miaka ambayo Goma ilitawaliwa na waasi wa RCD, na ilipofutwa kwa sheria ya 2016 haki zilihamia kwa mrithi wake, CNSS, aliyeundwa rasmi kwa amri ya Julai 2018. Mfuko ulikuwa maskini na ulikuwa mbali, wakati mwingine hata haukujulikana uko wapi, lakini deni lake halikufutwa. Hakuna kundi lenye silaha lililowahi kuingia boma la mtu likatoka na miezi yake 180.

Waliokuwa SOMINKI wanalijua hili kwa upande wake mchungu. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema. Oktoba 1985 soko la bati duniani likaanguka baada ya Baraza la Kimataifa la Bati kuishiwa fedha, na SOMINKI haikuinuka tena. Ilifilisiwa katika miaka ya 1990, na wafanyakazi wake wakabaki kwa miaka mingi wakidai malipo ya mwisho. Malipo ya mwisho ni deni la mwajiri. Pensheni ni deni la mfuko. Mwajiri akifa, deni la kwanza linamfuata kaburini; la pili linabaki, mradi michango ilikuwa imepelekwa kweli. Watu huyachanganya haya mawili kwa sababu yote huitwa fedha za mwisho, na kwa sababu lile la kwanza huja kwa mkupuo na kujaza mkono. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi, "mzee, nakuongezea kidogo kwenye malipo ya mwisho, mambo ya CNSS tuyaache," amemnunulia mkupuo kwa pensheni yake bila kumwambia bei. Kwa viwango vya sasa mwajiri anachangia asilimia 5 ya mshahara kwa upande wa pensheni na mfanyakazi asilimia 5; ukijumlisha posho za familia na ajali za kazini, mwajiri anabeba 13 na jumla inakuwa 18. Mwenye kuyaacha "mambo ya CNSS" anajua anachokikwepa.

Kwa mfanyakazi wa mashirika ya misaada, hesabu ya miezi 180 ndiyo uamuzi wenyewe. Tangu 1994 Masisi na Walikale zimepitiwa na mashirika mengi, na mtu wa afya, dereva au mlinzi wa ghala anaweza kuwa amefanya kazi miaka 20 chini ya waajiri tisa kwa mikataba ya miezi sita sita. Akifika 60, CNSS inaona miezi 131, au 164. Miezi iliyobaki imepotea kwa sababu shirika moja lilimwandikisha kwa jina la Kikristo peke yake, jingine lilimfungulia namba mpya, la tatu lilikata mchango na halikuupeleka. Mwenye 164 akitafuta barua, karatasi za mishahara na mikataba ya zamani akathibitisha miezi 16 zaidi, amevuka kutoka malipo ya mara moja hadi malipo ya maisha. Sijui kazi nyingine ya makaratasi yenye ujira mkubwa hivyo kwa mtu wa umri huo. Vilevile mwenye miezi 170 anayetaka kuacha kazi kwa uchovu afadhali auvumilie uchovu huo miezi 10. Mwenye miezi 60 asijidanganye: achukue malipo yake ya mara moja na afikirie namna ya kuyagawa.

Walimu wana kisa chao, nacho ni kirefu. Hawa hawako CNSS. Wako chini ya mfuko wa watumishi wa serikali, CNSSAP, ulioundwa kwa amri ya Desemba 2015, na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 iliyoweka mfumo wao maalumu. Kabla ya hapo serikali ililipa wastaafu wake moja kwa moja kutoka hazina, na "moja kwa moja" huko kuliweza kuchukua miaka. Tatizo lao kubwa halianzii ofisini, linaanzia kwenye mshahara. Mshahara wa msingi wa mtumishi wa Kongo ni mdogo. Kinachomfanya aishi ni marupurupu, na marupurupu hayamfuati nyumbani akistaafu. Mwalimu wa Masisi ana jingine tena. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa, wazazi ndio waliobeba shule, kwa faranga, kwa haragwe, kwa siku za kulima shamba la mwalimu. Hali hiyo iliendelea hadi elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa kuanza Septemba 2019. Mwalimu aliyeanza kazi mwaka 1992 aliishi zaidi ya miaka 25 kwa mkono wa wazazi, na hakuna hata gunia moja kati ya yale lililoandikwa kwenye daftari la pensheni.

Ongeza wale wanaofundisha bila kuwa kwenye orodha ya malipo, wanaoitwa NU na NP. Mtu anaweza kuwa na miaka 30 ubaoni na namba ya matrikule iliyotolewa mwaka wa kumi na tano. Akistaafu, miaka ya kabla ya matrikule inabidi aitetee kwa barua ya uteuzi iliyotiwa sahihi na mkurugenzi aliyekwisha kufa, katika shule iliyoungua. Basi mwalimu wa namna hiyo haulizi mkupuo au kila mwezi, anauliza lini, na jibu lake ni: bado. Anabaki darasani. Kijana aliyehitimu anasubiri nafasi yake na kumlaumu kwa uroho. Mimi simlaumu. Mradi wa kufufua utumishi wa umma ulioungwa mkono na Benki ya Dunia kuanzia 2014 ulilazimika kulipa kwanza posho za kuondoka ili watumishi wazee wa wizara za Kinshasa wakubali kwenda nyumbani. Kama Kinshasa, penye benki kila kona, mtu haondoki bila fedha mkononi, wa Katoyi, huku Masisi, aondoke kwa nini?

Kisha ukaja mwaka 2025, ukazipima njia zote kwa mara moja. Tarehe 4 Januari M23, kundi la waasi, iliingia Masisi-centre. Mwisho wa mwezi huo ikaichukua Goma, na benki zikafunga milango. Tarehe 19 Machi ikaingia Walikale-centre, kisha ikaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mwenye fedha benki alikuwa tajiri wa namba kwenye karatasi. Ilibaki simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Noti zilipoadimika, kutoa fedha kukawa kununua fedha, na wakala ndiye aliyepanga bei. Aliyekuwa na mkupuo wake ndani ya nyumba aliukimbia au alikimbia nao, na kila mtu anajua ni kipi kilichokuwa salama zaidi. Lakini simu ilifanya jambo moja ambalo barabara haikuwahi kufanya: ilimfikia mzee kambini, kijijini, ng'ambo ya mpaka. Ikiwa nusu ya pensheni iliishia njiani zamani na leo simu inakula sehemu ndogo, ule umri wa 85 unarudi nyuma kuelekea 73. Sharti lake ni dogo na watu wengi wanalipuuza, nalo ni kwamba laini iandikishwe kwa jina la mstaafu mwenyewe. Laini ya jina la kijana wa nyumbani humfanya kijana huyo kuwa ndiye mstaafu.

Vipi kuhusu anayelazimika kuchukua mkupuo? Ushauri wa kawaida, nunua kiwanja Goma, ulikuwa mzuri mpaka tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, na ukarudi kuwa mzuri mpaka Mei 2021. Shamba Masisi ni mali ikiwa una hati ya serikali na maneno ya mwami, yaani chifu wa kimila, yanayosema jambo moja, kwa sababu aliyekimbia miaka mitatu mara nyingi hurudi akamkuta mtu mwingine analima. Naona afadhali mtu agawe kwa aina ya hatari kuliko kwa idadi ya mali: kitu kimoja kinachoweza kutembea nawe, kimoja kisichotembea lakini chenye karatasi, na kimoja kilichoko mikononi mwa watu kadhaa, kama likelemba, yaani upatu, ya wanawake wanaojuana, ambayo huvunjika lakini haiporwi yote usiku mmoja. Na karo. Mtoto aliyemaliza uuguzi anaweza kukimbilia Kisangani au Kampala na bado akatuma fedha nyumbani. Wachimbaji wa koltani wa Rubaya, ambao hawana mfuko wowote na kwao kila malipo ni mkupuo, wamelijua hili kabla ya wote. Wenye busara kati yao huanza kulipa karo kabla ya kununua pikipiki.

Kuna mtu mmoja ambaye hayumo katika mabishano haya yote, naye ni mjane. Sheria ya hifadhi ya jamii inamtambua: mstaafu akifa, sehemu ya pensheni inahamia kwa mke na watoto wadogo. Mkupuo hauna mjane. Ukishaingia nyumbani unakuwa mali ya marehemu, na mali ya marehemu katika familia nyingi za milimani huamuliwa na ndugu zake wa kiume kabla matanga hayajaisha. Kwa mwanamke, basi, pensheni ndogo ya faranga zinazooza inaweza kuwa bora kuliko ng'ombe watano, maana hiyo ndogo hakuna shemeji anayeweza kuifungua kamba. Tatizo ni karatasi tena. Ndoa nyingi za Masisi na Walikale ni za mahari na baraka za wazazi, hazikufika kwa afisa wa serikali, na mfuko hauoni mahari. Mzee anayetaka kweli kumtunza mkewe na aandikishe ndoa hiyo sasa, hata kama wameshaona wajukuu, na majina ya watoto yafanane katika karatasi zote.

Anayepaswa kuyasoma haya zaidi, kwa maoni yangu, bado hana mvi. Mgodi wa bati wa Bisie, katika Walikale, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019, na kwa mara ya kwanza tangu SOMINKI eneo hilo lina mwajiri mkubwa wa mikataba rasmi. Aliyeajiriwa mwaka huo akiwa na miaka 30, akichangiwa bila kukatika, atatimiza miezi 180 mwaka 2034, akiwa na 45. Lakini tarehe 13 Machi 2025 kampuni hiyo, Alphamin, ilisimamisha kazi huko kwa sababu ya vita vilivyokuwa vikisogea, ikaanza kurudi mwezi uliofuata, na hakuna mgodi unaotoa hakikisho la miaka 15. Ukifungwa mwaka 2032, kijana huyo ataondoka na miezi 156, na atahitaji mwajiri mwingine, popote Kongo, ampe 24 iliyobaki. Kila mwaka, basi, mwezi mmoja aombe taarifa ya michango yake CNSS, aisome namba kwa namba, na nakala aipeleke mahali ambapo si Walikale.